Kumzoeza Mtoto wa Shule ya Msingi Kuandika: Mfano wa Iftin, Garissa

Iftin ni mojawapo ya wadi za mji wa Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Jina lake latokana na neno la Kisomali lenye maana ya mwanga. Watoto wengi wa huko huzungumza Kisomali nyumbani, husoma Kiarabu chuoni, kisha hukutana na Kiswahili na Kiingereza darasani. Aghalabu husemwa kwamba watoto hawa hawajui insha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo haina msingi. Mtoto wa Iftin anajua kutunga kabla hajashika kalamu. Analolikosa ni kuona utungaji wake mwenyewe ukikubaliwa kuwa maandishi.

Yafaa tuanze na yale anayokuja nayo. Kisomali kilipewa maandishi rasmi ya herufi za Kilatini nchini Somalia mwaka 1972, lakini utungaji wa Wasomali ni wa kale. Katika shairi la gabay, kila kipande cha mshororo sharti kiwe na neno linaloanza na sauti moja iliyochaguliwa, tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Watoto nao hutegeana vitendawili, navyo huitwa hal-xiraale. Tena katika chuo cha Kurani, yaani dugsi, wengi wamekwisha kuandika kwa wino juu ya ubao. Huko hujifunza kunakili pasipo kukosea hata herufi moja, na ndivyo ipasavyo kwa maneno matakatifu. Tatizo huzuka pale mwalimu wa insha naye anapofundisha kwa kunakilisha.

Desturi hiyo ilikomaa katika miaka ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023. Wanafunzi walikaririshwa methali na mianzo iliyopambwa ili waipachike katika insha yoyote. Hivyo mtoto wa nchi kavu aliandika juu ya umande uliotanda kwenye majani mabichi, wala hakuandika juu ya ukame alioujua. Mtihani huo umeondolewa na mtaala wa umilisi umeshika mahali pake, lakini mazoea hayaondoki kwa tangazo.

Jambo la pili ni sauti. Kisomali hakina sauti za p, v na z. Kwa hiyo mtoto huweza kuandika "besa" badala ya pesa, "fitabu" badala ya vitabu, na "sawadi" badala ya zawadi. Mwalimu asiyelijua hili huona makosa matatu ya uzembe. Anayelijua huona kanuni moja: kila sauti isiyokuwapo imepokewa na jirani yake. Dawa yake si fimbo wala wino mwekundu, bali mazoezi mafupi ya kusikia na kutamka maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu: pata na bata, vua na fua, zaa na saa. Mazoezi haya yawe na wakati wake, yasichanganywe na wakati wa kutunga. Mtoto anayeogopa kila herufi hawezi kufikiri juu ya jambo analolisimulia.

Je, kipindi cha kuandika kiendeshweje? Kwanza, mtoto amsimulie mwenziwe jambo alilolitenda au kuliona: kuteka maji, kuchunga mbuzi, au kwenda soko la mifugo. Akikosa neno la Kiswahili, alitaje kwa Kisomali, kisha darasa zima litafute neno lifaalo. Pili, aandike sentensi chache tu. Tatu, amsomee mwenziwe, naye mwenziwe aulize maswali mawili. Nne, mwalimu achague kosa la aina moja na kulisahihisha kwa wote.

Tuseme mtoto ameandika: "Nilienda soko na baba. Ngamia alikataa kubanda lori." Mwenziwe atauliza: Kwa nini alikataa? Mlimpandishaje? Majibu ya maswali hayo ndiyo insha yenyewe. Neno "kubanda" litasahihishwa baadaye.

Mwisho, maandishi yaliyokamilika yakusanywe yawe kitabu cha darasa, kisomwe na wengine. Nchini Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet aliingiza mashine ya kupigia chapa katika darasa lake la kijijini mwaka 1924, wanafunzi wakachapa habari za maisha yao na kuzisoma. Iftin haihitaji mashine. Karatasi na uzi vyatosha. Linalotakiwa ni msomaji, kwani hakuna apendaye kuandika maneno yasiyosomwa na mtu.

Pana sababu nyingine ya kufuata njia hii. Tarehe 2 Aprili 1915 haimhusu mtoto huyu, lakini 2 Aprili 2015 yamhusu sana: siku hiyo watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi wakaondoka. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha wengine wengi. Darasa lenye walimu haba haliwezi kutegemea mtu mmoja asahihishe kila daftari. Watoto wanaosomeana na kuulizana maswali huendelea kujifunza hata mkono wa mwalimu usipowafikia wote.

Kwa hiyo hapana budi tuanze na ulimi wa mtoto, kisha kalamu, kisha kanuni. Tukigeuza mpangilio huo, tutapata wanakili hodari wasio na neno lao wenyewe.