Goma: «Volkano ilikukuta wapi?», swali linalofundisha watoto namna ya kuokoka

Mjini Goma, watu wawili wakikutana na kuanza kuzoeana, kuna swali moja ambalo halichelewi kutokea: volkano ilikukuta wapi? Jibu hutegemea umri. Kijana atasema juu ya mwaka 2021. Baba au mama wa miaka arobaini ataanza na 2002. Mzee atawasikiliza wote wawili, kisha atawarudisha nyuma kabisa, mpaka 1977.

Swali hilo linaulizwa sokoni Virunga, kwenye foleni ya maji, kwenye kilio usiku wakati watu wamekaa kuzunguka moto, na nyumbani wakati umeme umekatika. Si mazungumzo ya kupitisha muda tu. Katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, chini ya mlima wa mita 3.470, mambo mengi ambayo mtoto anajua juu ya kukimbia na kuokoka hakuyasoma shuleni. Aliyapata kwa kusikiliza wakubwa wakiongea.

Kalenda ya moto

Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, mlima Nyiragongo ulipasuka pembeni na ziwa la moto lililokuwa juu yake likamwagika kwa muda mfupi sana. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya volkano nyingi za dunia, na kwenye miteremko mikali inakimbia kuliko mtu. Vijiji vya kaskazini mwa Goma vilifunikwa na watu wengi wakafa kabla ya kujua kinachotokea. Wazee wa eneo la Bukumu waliokuwa watoto wakati huo ndio wanaowaambia wengine kwamba moto huu haupewi muda wa kufunga mizigo.

Alhamisi tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, ilikuwa zamu ya mji wenyewe. Ardhi ilipasuka upande wa kusini wa mlima mpaka karibu na Munigi, lava ikaingia Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia ndani ya ziwa Kivu. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji iliungua. Karibu watu 120.000 walibaki bila nyumba. Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Gisenyi, nchini Rwanda. Siku chache baadaye wengi walirudi, wakitembea juu ya mawe ambayo bado yalikuwa ya moto.

Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni, mbingu ikawa nyekundu tena. Safari hii lava ilisimama Buhene, pembezoni mwa mji, baada ya kuteketeza vijiji vya wilaya ya Nyiragongo na kukata barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka kila saa, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kwamba wakaaji wa kata 10 kati ya 18 za Goma wanapaswa kuondoka mara moja. Watu karibu 400.000 walishika njia za Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda.

Kwa hiyo katika familia moja ya Goma mnaweza kukuta volkano tatu: ya babu, ya mama na ya mtoto. Hata miaka inahesabiwa hivyo. Mtu husema alizaliwa «kabla ya volkano», au alifunga ndoa «mwaka wa volkano», na wasikilizaji wanaelewa.

Mji ukikatwa vipande viwili

Ukisikiliza masimulizi hayo kwa makini, utaona kwamba yanarudia mambo yale yale, na kila jambo lina somo ndani yake.

La kwanza ni njia. Mwaka 2002 lava ilikata mji vipande viwili. Waliokuwa mashariki walikimbilia Gisenyi, waliokuwa magharibi walikimbilia Sake, na kati yao palikuwa moto. Baba aliyekuwa kazini upande mmoja hakuweza kufikia watoto upande wa pili. Ndiyo maana wakubwa wengi wanawaambia watoto: usitafute njia uliyoizoea, tazama kwanza moto unashuka wapi, halafu kimbilia upande wa mbali.

La pili ni watoto kupotea. Mwaka 2021, siku moja tu baada ya mlipuko, UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kuwa wamepotea. Mama anayesimulia usiku ule mara nyingi hamalizii kwenye lava. Anamalizia kwenye mkono wa mtoto aliouachilia katikati ya watu wengi. Baada ya masimulizi ya namna hiyo, familia nyingi zimefundisha watoto wadogo kutaja jina lote la mzazi na kata wanamoishi, na kukariri namba ya simu kichwani, kwa sababu simu inaweza kubaki nyumbani.

La tatu ni tamaa ya vitu. Mwaka 2002 makumi ya watu walikufa kwenye kituo cha mafuta kilicholipuka, wakati lava ilikuwa imekwisha kuzunguka mahali pale na watu walikuwa wanachota mafuta. Wakaaji wa Goma wenye umri wa kutosha wanakumbuka mlipuko huo. Wanapoambia vijana «usirudi kuchukua kitu», wana watu waliokufa wanaowafikiria.

Mazuku, neno la Goma linalotumiwa na wanasayansi

Kuna hatari nyingine ambayo haina rangi nyekundu wala kelele. Inaitwa mazuku. Neno hilo limetoka katika lugha ya watu wa hapa, na leo wanasayansi wa volkano wa nchi nyingi wanalitumia katika maandishi yao.

Mazuku ni hewa ya kaboni inayotoka ndani ya ardhi kupitia mipasuko ya mawe ya volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa mahali pa chini: mashimoni, mabondeni, kwenye mitaro, hata kwenye msingi wa nyumba inayojengwa. Usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo, inajikusanya. Jua likitoka na upepo ukivuma, inapungua. Haionekani kwa macho, na mara nyingi haina harufu. Mtu au mnyama anayeingia ndani yake anakosa pumzi na anaweza kufa kwa dakika chache.

Mahali pengi pa mazuku panajulikana magharibi mwa Goma, kando ya ziwa, kuelekea Lac Vert, Bulengo na Sake. Wakaaji wa zamani wanayatambua kwa alama: majani yamekauka mahali pamoja wakati pembeni ni kijani, ndege au panya wamelala wamekufa, moto wa kiberiti unazimika ukiushusha chini. Wanajua pia kwamba mtoto anapigwa kabla ya mkubwa, kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Mbuzi aliyeanguka shimoni asubuhi hafuatwi. Na mtu anayeinama kumwinua mwenzake aliyeanguka anaweza kuanguka juu yake.

Ujuzi huu ulipatikana kwa gharama kubwa, na kwa muda mrefu umepita mdomoni kuliko kwenye karatasi. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Wageni wasioambiwa

Goma ya leo si mji wa watu waliozaliwa hapa tu. Vita vya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo vimeleta watu wengi sana. Tangu mwaka 2022, kampi kubwa za wakimbizi wa ndani zilikua Kanyaruchinya upande wa kaskazini, karibu na njia za lava, na Bulengo na Lushagala upande wa magharibi, katika eneo linalojulikana kwa mazuku. Mkulima aliyetoka kwenye milima ya Masisi anajua mvua, ng'ombe na mashamba yake. Hakuna sababu ajue shimo gani la Bulengo halifai kulala ndani yake.

Kisha mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 mji uliingia mikononi mwa AFC/M23, na mwezi uliofuata kampi hizo ziliondolewa. Watu walitawanyika tena: wengine walirudi vijijini, wengine walipanga vyumba mjini, wengine walienda mbali. Majirani waliokuwa wameanza kuzoeana walitengana. Mzee aliyejua historia ya mtaa alienda upande wake, na familia mpya ikaingia katika nyumba ambayo hakuna anayeijua vizuri.

Hiyo ni hasara ambayo haihesabiwi kwenye ripoti. Tunahesabu nyumba zilizoungua, shule zilizofungwa, magunia ya unga. Hatuhesabu mazungumzo yaliyokatika. Lakini katika mji kama huu, mazungumzo ya jirani na jirani ni sehemu ya ulinzi.

Yanasaidia hata upande wa ardhi. Lava ikifunika mtaa, haiachi ukuta wala mti wa mpaka. Anayerudi kutafuta parsele yake anakuta jiwe jeusi tupu. Kama karatasi zimeungua, kinachobaki ni ushahidi wa majirani: nani alikaa karibu na nani, barabara ilipita wapi, kanisa lilikuwa upande gani. Majirani wakitawanyika, haki ya mjane inaweza kupotea pamoja nao.

Masimulizi ya roho na masimulizi ya WhatsApp

Si kila kinachosemwa kinaokoa. Katika masimulizi ya zamani ya eneo la volkano, Nyiragongo ni makao ya roho za wafu, na moto wake ni hasira. Vijana wengi wanacheka wakisikia hivyo. Ila masimulizi hayo yaliwafundisha watu kuuogopa mlima na kutousahau, hata kama maelezo yake si yale ya sayansi.

Uvumi wa simu ni jambo lingine. Mwaka 2021, wakati ardhi inatetemeka, sauti zisizojulikana mwanzo wake zilipita kwenye matelefone: ziwa litalipuka usiku huu, mji wote utazama. Ni kweli kwamba ziwa Kivu lina gesi nyingi ya kaboni na metani chini yake, na kwamba wataalamu walikuwa na wasiwasi kwa sababu moto ulikuwa umepita ardhini kuelekea ziwa. Lakini kati ya wasiwasi wa mtaalamu na sauti ya mtu asiyejulikana, watu hawakuwa na njia rahisi ya kuchagua.

Imani ilikuwa imepungua. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, kilichoanzishwa mwaka 1986, kilikuwa kimepitisha miezi mingi bila pesa ya kutosha, hata ya kulipia intaneti inayoleta habari kutoka kwenye mitambo ya mlimani. Jioni ya tarehe 22, wakaaji wengi walianza kukimbia kwa kuona mbingu, kabla ya kusikia tangazo lolote la serikali. Aliyekuwa na mzee nyumbani aliuliza mzee. Asiyekuwa naye alifuata kundi.

Usiku huu nyumbani

Hakuna anayejua tarehe ya volkano inayofuata. Kati ya 1977 na 2002 ilipita miaka 25. Kati ya 2002 na 2021 ilipita 19. Hesabu hiyo haitoi jibu, ila inaonyesha kwamba mtoto anayezaliwa leo Majengo au Mugunga ana nafasi kubwa ya kuona moja katika maisha yake.

Kwa hiyo kuna maswali matatu ambayo kila familia inaweza kuongea bila kungojea shirika wala semina. La kwanza: moto ukishuka wakati kila mtu yuko mahali pake, baba kazini, mama sokoni, watoto shuleni, tutakutana wapi upande wa mashariki, na wapi upande wa magharibi? La pili: karatasi za muhimu, za kuzaliwa, za masomo na za parsele, ziko wapi, na nani anazishika? La tatu: karibu na nyumba yetu, ni shimo gani ambalo watoto hawaruhusiwi kucheza ndani yake asubuhi?

Na kuna la nne, linalohusu jirani. Kama kuna familia mpya kwenye avenyu, iliyotoka Masisi, Rutshuru au mahali pengine, inawezekana hakuna aliyewaambia maana ya mazuku. Kuwaambia hakuhitaji pesa. Ni kupita pale kwao, kuwasalimia, na kuwaonyesha mahali ambapo majani yamekauka.