Neno «and» huunganisha, haliamui

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba «and» ni «na», kisha somo husonga mbele. Fundisho hilo ni la kweli, ila halitoshi. Kiunganishi hiki huweka vitu kwenye orodha moja. Hakisemi kama vitu hivyo vihesabiwe kwa pamoja au kimoja kimoja. Tazama sentensi mbili. «Don't drink and drive» haikatazi kunywa wala haikatazi kuendesha gari. Inakataza kuchanganya hayo mawili. «I'm not free on Saturday and Sunday» husema kwamba msemaji hana nafasi Jumamosi, na Jumapili pia hana. Ukanushi ni uleule na kiunganishi ni kilekile, lakini maana zimeachana. Kinachozitofautisha ni yale tunayoyajua kuhusu ulevi, barabara na siku za wiki.

Tofauti hiyo inaweza kumwongezea mtu miaka gerezani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 ilimruhusu jaji kushuka chini ya kifungo cha lazima katika kesi za dawa za kulevya, mradi mshtakiwa, pamoja na masharti mengine, «hana» mambo matatu: pointi zaidi ya 4 za makosa ya nyuma, kosa la pointi 3, «and» kosa la ukatili la pointi 2. Mshtakiwa mmoja alikuwa na mawili ya kwanza, la tatu hakuwa nalo. Akadai kwamba kwa kuwa hana yote matatu, anastahili nafuu. Serikali ikajibu kwamba hata moja tu linatosha kumnyima. Tarehe 15 Machi 2024, majaji 6 wa Mahakama ya Juu dhidi ya 3 waliafikiana na serikali. Jaji Elena Kagan, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alikubali kwamba kisarufi sentensi inasomeka kwa njia zote mbili. Kilichoamua ni muktadha: pointi 3 na 2 ni 5, kwa hiyo mwenye makosa hayo mawili tayari amepita 4, na kwa usomaji wa mshtakiwa sharti la kwanza lingebaki bila kazi.

Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika kwa niaba ya wachache, alishikilia kwamba «and» ibaki na maana yake ya kujumlisha. Kama Bunge lilitaka «or», lingeandika «or». Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu raia ana haki ya kuielewa sheria inayomfunga. Lakini «or» nayo hubadilika ikikanushwa: «He doesn't eat meat or fish» humaanisha kwamba hali nyama wala samaki. Hapo Kiswahili kimejaliwa «wala», neno linalofunga milango yote miwili. Hata hivyo, tukiandika «asiwe na deni, kesi na adhabu», tunarudi kwenye utata uleule.

Wapo watakaosema huku ni kutafuta makosa, kwani watu huelewana kila siku. Huelewana kwa sababu wanafahamiana na wanaweza kuulizana. Mkataba, fomu ya bima au sheria haiulizwi. Husomwa na mgeni, mara nyingi wakati wa ugomvi. Ndiyo maana anayeandika au kutafsiri hati kama hizo asiishie kwenye «na». Aandike waziwazi «asiwe na hata kimojawapo kati ya hivi» au «asiwe na vyote kwa pamoja». Maneno machache ya ziada ni nafuu kuliko kesi.