Fahamu: Kwa nini Kenya imerudisha afya mlangoni
Mwaka 2020, wakati wa Korona, Kenya iliruhusu waombolezaji 15 tu mazishini. Kuna waliozikwa usiku na watu waliovalia mavazi meupe ya kujikinga, jamaa wakitazama kwa mbali. Hofu ya karantini, ambayo awali uliilipia mwenyewe, iliwafanya wengi wakwepe hospitali. Imani kwa huduma za afya ilivunjika, na sioni ajabu.

Sasa kuna njia ya kuijenga upya imani hiyo: Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja akipewa takriban kaya 100. Mkobani mna kipima presha, kipima sukari na mizani. Muhimu zaidi, ni majirani: mama anamjua anayempima. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Isicheleweshwe.