Hofu ya Kusema Mbele ya Watu

Wanafunzi wetu wa ualimu wasimamapo mara ya kwanza mbele ya darasa, magoti hutetemeka na kinywa hukauka. Mmoja alituomba ruhusa arudi kwao, akisema hakuzaliwa msemaji. Tulimweleza habari za George wa Sita, aliyekuwa Mfalme wa Uingereza tangu 1936 hata 1952.

Huyo alikuwa na kigugumizi tangu utoto. Mwaka 1925, kabla hajatawala, alihutubia watu wengi huko Wembley. Maneno yakamkwama, akatahayari sana. Mwaka uliofuata alimwendea Lionel Logue, mtu wa Australia, akafundishwa kuvuta pumzi vema, na kujizoeza kila siku. Hotuba zake zilitiwa alama mahali pa kutua, na maneno magumu yakabadilishwa. (Hila hii twaipenda: neno likikushinda, mwite nduguye.) Tarehe 3 Septemba 1939, vita vilipotangazwa, alisema na watu wake kwa redio, polepole, Logue akiwa karibu naye chumbani.

Walakini kigugumizi hakikumwacha kabisa. Kwa hiyo hatukumwambia kijana wetu aondoe hofu. Tulimwambia asome somo lake nyumbani kwa sauti, mara tatu au nne, na akisimama avute pumzi kwanza, hata kama darasa lamngoja.