Pitisheni Maiki kwa Manzi

Cheki hizi mitaa za Eastlando: Kaloleni, Bahati, Makongeni, Jericho. Huku ndio Sheng ilishikia mizizi, juu mtoto wa Mjaluo, wa Mluhya, wa Mkamba na wa Mkikuyu walikuwa wanapiga boli fildi moja, kila mtu na lugha ya kwao mdomoni. Hakuna msee aliambiwa arudi ocha kwanza ajifunze kuongea. Ulikuwa unatupa neno, likibamba, mtaa unalibeba. Hiyo kitu mi huiheshimu mbaya.

Ndio maana huniuma nikiona base inafungia manzi nje. Jioni hapo steji, wasee wamepiga duara, mmoja anachapa biti na mdomo, chupa ya soda ndio maiki, inazunguka. Manzi amesimama kando, mistari yake iko kwa simu, ameikariri mpaka midomo inacheza. Zamu yake ikifika, anarukwa. Ama anapewa, ile kuanza tu, msee anamkata: "We tuimbie korasi!" Korasi, na ameandika mistari imeshiba kuliko zao.

Na si ati njia haijafunguliwa. Nazizi, manzi rapa, alikuwa anachana miaka ya tisini ikiisha, ile time Kalamashaka wa Dandora walikuwa wanafanya redio iheshimu rap ya mtaa. 2020, manzi mwingine, Femi One, na Mejja waliangusha "Utawezana", ikawaka kwa mathree na kwa TikTok hadi wazee wakaijua. Hata Shujaaz, ile komiki ya Sheng ilianza 2010, haikumwachia chali wake DJ Boyie stori zote. Manzi, Maria Kim, alikuwa na zake.

We mwenyewe unajua vile odijo alikuchapa juu ya kuandika Sheng kwa insha, akakwambia hiyo ni lugha ya machokoraa. Iliuma. Sasa mbona unamfanyia manzi hivyo hivyo?

Maneno pia tuyachuje. Kuna majina mob za manzi kwa Sheng zinamfanya kama kitu ya kuliwa ama kununuliwa. Sheng hubadilika kila msimu, maneno hufa na hakuna mtu huvaa nyeusi. Hizo tuziache zioze.

Na ka uko na base, wiki hii anza na yeye. Mistari yote, bila kukatwa, na biti isinyamaze mpaka amalize.