Nomic, Mchezo wa Kubadili Kanuni

Katika Nomic, mchezaji zamu yake ikifika hasogezi kete wala hashushi karata. Anapendekeza kanuni ya mchezo ibadilishwe, na wenzake wanapiga kura. Mchezo huu ulibuniwa na Peter Suber, mwanafalsafa wa Marekani, ukajulikana mwaka 1982 Douglas Hofstadter alipoandika kuuhusu katika jarida la Scientific American. Suber alikuwa akichunguza fumbo la kisheria: je, kifungu cha kurekebisha katiba kinaweza kutumika kujirekebisha chenyewe? Fumbo hilo haliko mbali. Ibara ya 255 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja mambo mazito yasiyoguswa bila kura ya maoni, na sura ya marekebisho yenyewe ni mojawapo.

Mchezo huanza na kanuni 29. Kanuni 16, kuanzia namba 101, zimelindwa. 13 zilizobaki, kuanzia 201, hazina ulinzi huo. Zikigongana, iliyolindwa ndiyo inayofuatwa. Mapendekezo hupewa namba kuanzia 301.

Kila pendekezo sharti liandikwe kabla ya kupigiwa kura, na hapo ndipo penye utamu wote. Tuseme mtu ameandika: "Atakayechelewa kucheza atapoteza pointi tano." Mwenzake atauliza: kuchelewa ni dakika ngapi, nani anashika saa, na zamu inahesabiwa tangu lini? Kanuni ya 111 inawapa wachezaji nafasi ya kushauri masahihisho, ila mwenye pendekezo ndiye anayeamua lipigiwe kura kwa maneno gani. Kusikiliza kuna faida, maana pendekezo likianguka anakatwa pointi 10. Baada ya kura hurusha dadu na kujiongezea pointi. Wa kwanza kufikisha 100 ndiye mshindi, ingawa idadi hiyo nayo yaweza kubadilishwa.

Katika mizunguko miwili ya kwanza hakuna kinachopita mpaka wote wakubali. Baadaye wingi wa kura unatosha, na kila aliyepinga pendekezo lililopita hupewa pointi 10. Ni kanuni ya busara sana: walio wachache hawaondoki mikono mitupu. Kanuni iliyolindwa inahitaji hatua mbili, kwanza kuondolewa ulinzi kwa kauli moja, kisha kubadilishwa kwa pendekezo jingine.

Mabishano yakizuka, hakimu ni mchezaji aliyemaliza zamu iliyotangulia, na uamuzi wake hutenguliwa tu wengine wote wakiafikiana. Lakini hutokea kanuni zikajifunga zenyewe, hatua ikaonekana halali na haramu kwa kiasi kilekile. Kanuni ya 213 imeliona hilo: wa kwanza kushindwa kukamilisha zamu kwa sababu hiyo ndiye mshindi. Wapo wanaoisuka mitego yao taratibu kwa kulenga ushindi huo tu. Wenzao wakishtuka mapema wanaweza kuifuta kanuni hiyo, kwa kuwa haimo miongoni mwa zilizolindwa.