Ulanga wa Uluguru na Dozi ya Seli Moja

Enzi za Wajerumani, ulanga ulichimbwa kwenye milima ya Uluguru, yale madini yanayobanduka karatasi kwa karatasi. Humo zilitokea pia fuwele nzito, nyeusi, za urani. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald alichunguza madini ya manjano yaliyotokana na fuwele hizo za Morogoro, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Mwaka 1914, wakemia Stefanie Horovitz na Otto Hönigschmid walipima risasi iliyozaliwa ndani ya urani hiyo wakakuta uzito wa atomi wa 206.05, ilhali wa risasi ya kawaida ni 207.2. Kumbe elementi moja yaweza kuwa na atomi za uzito tofauti.

Urani ikapata sifa yote. Ulanga ukasahauliwa, ilhali nao huhifadhi alama za mionzi. Mwaka 1907 John Joly wa Dublin alieleza chanzo cha viduara vyeusi vinavyoonekana ndani ya ulanga mweusi: kipunje chenye urani kimerusha chembe za alfa pande zote, zikasimama kabla ya kumaliza sehemu 40 kati ya elfu moja za milimita. Mwaka 1962 watafiti Price na Walker, Marekani, waliuchovya ulanga kwenye asidi, makovu ya atomi zilizopasuka yakapanuka hadi hadubini ya kawaida ikayaona.

Ndani ya mwili pia, chembe ya alfa husafiri umbali wa seli chache tu. Seli moja hupigwa, jirani yake isiguswe, na wastani wa dozi hausemi lolote kuhusu hilo. Beji ya mhudumu wa eksirei hutoa wastani: floridi ya lithiamu huhifadhi nishati, ikipashwa moto hutoa mwanga. Kwa kazi hiyo yatosha, maana inakaribia mwili kwa namna inavyofyonza mionzi.

Anayetaka kupima seli kwa seli hushindanisha silikoni na almasi. Silikoni ni rahisi kutengeneza na hupaza sauti: jozi moja ya chaji huiachia kwa elektroni-volti (eV) 3.6, almasi hudai 13 hivi. Lakini namba yake ya atomi ni 14, hivyo hufyonza eksirei hafifu kupita mwili. Almasi ni kaboni, namba 6, jamaa wa nyama yetu, tena haichakazwi upesi na mionzi. Ningechagua almasi, ila si ya mgodi wa Mwadui. Inayofaa hukuzwa maabara, kwa kuwa naitrojeni iliyomo katika almasi nyingi za ardhini hunasa chaji kabla haijasomwa.